Kuweka Debian kwa sauti: mwongozo wa mtu asiyeona, kuanzia kitufe cha kwanza

Mtu asiyeona akinunua laptopu hapa Kisumu, mara nyingi huambiwa aiache dukani awekewe mfumo, arudi jioni. Akirudi anapewa mashine iliyo kimya. Lazima amtafute mtu wa kumwashia sauti, na siku ikiharibika anarudi kwa fundi yule yule. Kazi hii ni yake kuifanya mwenyewe, na anaiweza, kwa sababu upo mfumo endeshi unaoanza kuzungumza hata kabla haujaingia kwenye diski. Mfumo huo ni Debian. Ni wa bure na wa msimbo wazi, na programu yake ya kusakinisha ina sauti ndani yake. Anayekusomea maswali wakati huo ni Speakup, kisoma skrini kilichoanzishwa na Kirk Reiser, mwanaprogramu asiyeona. Sauti yenyewe hutoka kwenye eSpeak NG, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti.

Nimeandika nikimfikiria mtu anayejua kuchapa bila kutazama, yaani anayetafuta vile vinundu viwili kwenye F na J na kuanzia hapo. Waliosoma Kibos, au St. Oda kule Aluor, na kupitia madarasa ya kompyuta wanaelewa ninachosema. Kama hujafika hapo, jifunze kuchapa kwanza. Kila hatua iliyo hapa chini inategemea vidole.

Dukani, kabla hujalipa

Laptopu nyingi tunazoweza kumudu ni za ex-UK: ThinkPad, EliteBook, Latitude. Ni mashine imara na Debian inaelewana nazo vizuri. Lakini usitoe pesa kabla ya kuuliza mambo haya.

Uliza kama BIOS, yaani programu ya mtengenezaji inayoamka kabla ya mfumo endeshi, imefungwa kwa nywila. Mashine hizi zilikuwa za makampuni huko Uingereza, na nyingine huja zikiwa bado zimefungwa. BIOS ikifungwa huenda usiweze kuiwasha kwa flashi. Mwambie muuzaji aifungue BIOS mbele yako na akuhakikishie haidai nywila.

Chomoa chaja mashine ikiwa inawaka, ukae nayo kidogo. Ikizima papo hapo, betri imekufa. Kwa mwenye umeme wa uhakika hilo ni jambo dogo, lakini mvua za mchana za huku ziwani zikianza kunguruma, stima inaweza kupotea diski ikiwa katikati ya kuandikwa.

Kisha pitisha vidole kwenye kibodi. Gusa Enter. Kama ni ndefu, imeshuka safu mbili, na Shift ya kushoto ni fupi ikiwa na kitufe kingine kati yake na Z, hiyo ni kibodi ya Kiingereza cha Uingereza. Kama Enter ni ya safu moja, imelala, na Shift ya kushoto ni ndefu, ni ya Marekani. Kumbuka jibu. Utalihitaji mbele, na ukilikosea nywila yako inaweza kukukataa bila wewe kujua kwa nini.

Mwisho, weka wimbo wowote usikie spika zinatoka. Hakikisha pia mashine ni ya biti 64, maana Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena programu ya kusakinisha kwenye mashine za biti 32. RAM ya GB 4 inatosha kuanzia.

Kutayarisha flashi

Hapa unahitaji kompyuta nyingine yenye sauti, iwe ya rafiki, ya shule au ya saiba. Kama ina Windows na NVDA, kisoma skrini cha Windows, utafanya kila kitu peke yako.

Nenda debian.org ubonyeze kiungo cha kupakua. Utapata faili ambalo jina lake lina "amd64-netinst". Hilo amd64 lisikutishe, ndilo la prosesa za Intel pia. Faili ni chini ya GB 1, lakini wakati wa kusakinisha mashine itavuta mengine mengi kutoka kwenye mtandao, kwa hiyo tenga bando la GB 5 hivi. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, faili hili huja na programu ndogo za kuendesha vifaa kama kadi za waifai. Zamani hapo ndipo watu wengi walipokwama, kwa hiyo kama mtu alikuambia Debian haipati waifai, huenda alikuwa na toleo la kabla ya hapo.

Pakua pia Rufus, programu ya kuandika faili hilo kwenye flashi. Chomeka flashi ya GB 4 au zaidi ambayo huna chochote cha maana ndani yake, kwa sababu itafutwa yote. Fungua Rufus, tembea kwa Tab, hakikisha kifaa kilichochaguliwa ni flashi yako, chagua faili la Debian, kisha bonyeza Start. Itakuuliza uandike kwa njia gani. Chagua "DD Image". Ikimaliza, Windows inaweza kulalamika kwamba haiisomi flashi na kukuomba uifomati. Kataa. Flashi iko sawa, ni Windows tu isiyoielewa.

Kama kwenye laptopu yako kuna picha, kazi za shule au barua, zihamishe sasa.

Kuwasha mashine kwa flashi

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote. Menyu ya kuchagua mashine iwake kutoka wapi ni ya mtengenezaji wa kompyuta, na kwenye mashine hizi haina sauti. Debian haijaingia kazini bado, kwa hiyo haiwezi kukusaidia.

Zima laptopu kabisa. Chomeka flashi. Washa, na papo hapo anza kugonga kitufe cha menyu mfululizo, kama mara mbili kwa sekunde. Kwenye ThinkPad na Latitude ni F12. Kwenye EliteBook gonga Esc, kisha F9. Kwenye baadhi ya laptopu ndogo, safu ya juu hubadilisha sauti na mwanga badala ya kuwa F1 hadi F12, na hapo itabidi ushikilie Fn pamoja nacho.

Menyu ikishafunguka utahitaji kujua flashi yako ni ya ngapi kwenye orodha. Mwombe mtu akusomee mara hii moja, nawe uandike: mshale wa chini mara ngapi, kisha Enter. Ukiwa peke yako, tumia simu. Be My Eyes hukuunganisha na mtu wa kujitolea anayetazama kupitia kamera yako, na Lookout ya Google husoma maandishi yaliyo mbele ya kamera. Shikilia simu umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye skrini, iwe imelala, na punguza taa ya chumba ili kioo kisimetemete.

Ipo njia nyingine ninayoipendelea kwa yeyote anayetarajia kurudia kazi hii: mwambie muuzaji, siku ile ile ya kununua, apange kwenye BIOS kwamba USB inatangulia diski. Tangu hapo, ukichomeka flashi na kuwasha, mashine inakwenda kwenye flashi yenyewe. Huhitaji kugonga kitufe wala kusomewa menyu. Secure Boot, ule ulinzi unaozuia mifumo isiyotambulika isiwake, usiizime; Debian inaikubali tangu toleo la 10.

Debian ikifika tayari kupokea vitufe hupiga mlio: mmoja kwenye mashine za BIOS ya zamani, miwili kwenye za UEFI, aina mpya iliyochukua nafasi ya BIOS. Ukisikia, bonyeza s kisha Enter. Laptopu nyingi za siku hizi hazina kile kispika kidogo cha mlio, kwa hiyo usipousikia usidhani umeshindwa. Tulia bila kugusa chochote. Baada ya nusu dakika hivi sauti huanza yenyewe.

Mwenye kifaa cha Breli cha USB akichomeke kabla ya kuwasha. BRLTTY, programu ya Breli iliyo ndani ya Debian, itakitambua na maswali yatakuja chini ya vidole.

Sauti ikitoka

Kama mashine ina kadi za sauti zaidi ya moja, na nyingi zina ya spika na ya HDMI (tundu la kuunganishia TV), utaombwa ubonyeze Enter pale unapoisikia. Subiri usikie ndipo ubonyeze. Ukiharakisha unaweza kuchagua HDMI, na kazi yote iliyobaki itasomwa mahali usipoweza kusikia. Ikiwa hakuna sauti kabisa, jaribu tena ukiwa na spika za masikioni. Zikishindwa nazo, tafuta kadi ndogo ya sauti ya USB, kile kidude cha ukubwa wa flashi chenye tundu la spika za masikioni. Mara nyingi huokoa jahazi.

Sauti itakuwa ya polepole. Ongeza kasi kwa CapsLock na 6, punguza kwa CapsLock na 5. CapsLock na 2 hupandisha sauti, CapsLock na 1 huishusha. Kuna vitufe vitatu zaidi vya kuvishika kichwani: CapsLock na I husoma tena mstari ulipo, CapsLock na U mstari wa juu yake, CapsLock na O wa chini yake. Ukipitwa na swali, rudi nyuma kwa U hadi ulipate. Anayejua vitufe hivi vitatu hana sababu ya kubahatisha.

Maswali yote yana sura moja. Unasomewa orodha yenye nambari, halafu unaandika nambari na kubonyeza Enter. Enter peke yake hukubali jibu lililopendekezwa. Alama ya < hukurudisha kwenye swali lililotangulia, na ? huleta maelezo.

Maswali ya mwanzo

Lugha: chagua English. Nchi: Kenya haimo kwenye orodha fupi, kwa hiyo chagua "other", kisha Africa, kisha Kenya, na saa itapangwa kuwa ya Nairobi. Ukiulizwa mpangilio wa lugha, chagua United Kingdom.

Kibodi: hapa ndipo lile jibu la dukani linapotumika. Kibodi ya Enter ndefu chagua British English, ya Enter iliyolala chagua American English. Tofauti iko kwenye alama. Kwenye ya Uingereza, Shift na 2 ni alama za kunukuu, na @ iko karibu na Enter. Kwenye ya Marekani ni kinyume chake.

Mtandao: njia rahisi kuliko zote ni simu ya Android kwa waya. Chomeka simu, fungua mipangilio yake, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Debian itaiona kama waya wa kawaida bila kudai nywila. Ukitumia waifai utachagua jina la mtandao na kuandika nywila yake.

Jina la kompyuta andika lolote. Ukiulizwa nywila ya root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu, usiandike kitu, bonyeza Enter zote mbili. Ukifanya hivyo, akaunti yako ndiyo itakayokuwa na mamlaka ya msimamizi kupitia amri ya sudo, na hutakuwa na nywila mbili za kukumbuka. Kisha andika jina lako, jina la akaunti kwa herufi ndogo, na nywila yako mara mbili. Herufi za nywila hazisomwi, kwa hiyo chapa taratibu, na kwa sasa tumia herufi na nambari tu. Alama unaweza kuongeza baadaye.

Diski: hapa usikimbie

Kwa laptopu ambayo itakuwa ya Debian peke yake, chagua "Guided - use entire disk". Kila kilichomo kitafutika, Windows ikiwemo. Kama Windows ni ya lazima kwa kazi au masomo, simamisha hapa, kwa sababu kuweka mifumo miwili pamoja kunahitaji mpango wake. Hakuna kilichoharibika bado.

Kisha utasomewa diski zilizopo. Flashi yako nayo inaweza kuwemo. Usitegemee majina kama sda na sdb kwa sababu hubadilika. Sikiliza ukubwa. Diski ya ndani itasema kitu kama GB 256 au 500, flashi itasema 8 au 16. Tumia CapsLock na U kuusikia ukubwa tena kabla ya kuandika nambari.

Ukiulizwa kuhusu mgawanyo, kubali "All files in one partition". Kisha chagua kumaliza na kuandika mabadiliko. Swali la mwisho linauliza kama kweli unataka kuandika kwenye diski, na jibu lililopendekezwa ni hapana. Kwa hiyo Enter peke yake haitaharibu kitu, na wala haitakusogeza mbele. Andika nambari ya "Yes". Chaja iwe imechomekwa kabla hujafanya hivyo.

Kuchagua mazingira ya kazi

Baada ya sehemu ya msingi kuwekwa, utaulizwa seva ya kupakulia. Kubali deb.debian.org. Kwenye swali la kushiriki takwimu za matumizi, jibu unavyopenda.

Kisha inakuja orodha ya programu. Hapa unaandika nambari kadhaa zikiwa zimetenganishwa kwa nafasi. Ninachopendekeza ni MATE, mojawapo ya mazingira ya kazi yenye menyu na madirisha, pamoja na "standard system utilities". GNOME, mazingira mengine ya aina hiyo, nayo husomeka, lakini MATE ni nyepesi kwa laptopu ya zamani na menyu zake hazihamihami: leo iko hapa, kesho iko hapo hapo. Kwa anayekariri njia kwa idadi ya mishale, hilo ni jambo kubwa.

Sasa subiri. Inategemea kasi ya mtandao, na kuna vipindi virefu vya ukimya. Ukiwa na wasiwasi, CapsLock na I itakusomea imefikia wapi.

Kwenye baadhi ya mashine utaulizwa GRUB, programu inayoiwasha Debian, iwekwe wapi. Jibu ni diski ile ile kubwa. Ukisikia "Installation complete", chomoa flashi, kisha bonyeza Enter.

Kuingia mara ya kwanza

Kwa kuwa ulisakinisha kwa sauti, Debian imekuwekea pia visoma skrini kwenye mfumo wenyewe. Ukurasa wa kuingia ukizungumza, mfuate. Ukinyamaza, ipe mashine dakika moja, andika jina la akaunti, Enter, nywila, Enter. Kama bado kimya, bonyeza Alt na F2, andika orca kwa herufi ndogo, Enter. Orca ndicho kisoma skrini cha hapa.

Ikishindikana kabisa, Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja hukupeleka kwenye ukurasa wa maandishi matupu, ambako Speakup hufanya kazi bila kutegemea Orca. Ctrl, Alt na F7 hukurudisha.

Aliyezoea NVDA atajisikia nyumbani kwa sehemu kubwa. Insert ndicho kitufe cha Orca, na kwenye kibodi ndogo unaweza kukihamishia CapsLock. Ndani ya Firefox, H hukurusha kichwa hadi kichwa, K kiungo hadi kiungo. Tofauti itakayokusumbua siku za kwanza ni hii: Insert na nafasi kwenye NVDA hubadilisha hali ya kusoma na ya kuandika, lakini kwenye Orca hufungua mipangilio. Kwa kubadilisha hali, Orca hutumia Insert na A. Insert na H hukuweka kwenye mazoezi, ambapo kila kitufe unachogusa hujitaja. Kaa hapo muda mrefu kadiri unavyotaka.

Mashine isome Kiswahili

eSpeak NG ina sauti ya Kiswahili. Ni ya kiroboti, sikatai, lakini hutamka silabi zetu zinavyoandikwa, na ukiizoea unaweza kusikiliza gazeti zima kwa kasi. Sauti ya Kiingereza ikisoma Kiswahili huchosha masikio, na mtoto wa shule akiisikiliza kila siku hataki tena kusoma.

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandika amri, kwa Alt na F2, kisha andika mate-terminal. Ndani yake andika:

espeak-ng -v sw "Habari za asubuhi, mimi niko Kisumu"

Ikikosekana, iweke kwa sudo apt install espeak-ng. Ukiisikia, ingia kwenye mipangilio ya Orca, nenda sehemu ya sauti, na kwenye lugha chagua Kiswahili. Hifadhi mpangilio huo kama wasifu wa pili, na ule wa Kiingereza ubaki ulivyo, kwa sababu menyu za mfumo zitaendelea kuwa za Kiingereza na utataka kuhama kati ya hizo mbili.

Ukiwa bado kwenye terminali, sasisha mfumo: andika sudo apt update, kisha sudo apt upgrade. Rudia mara moja kwa wiki ukiwa na mtandao mzuri. Flashi nayo usiifute: kwenye menyu yake kuna njia ya kuokoa mfumo ulioharibika, na yenyewe pia hutumika kwa sauti. Ibandike kipande cha Breli ili usiichanganye na nyingine.

Na kama laptopu ni ya ofisi au ya chuo, na mhusika wa kompyuta anakukataza usiiguse, zungumza naye ukiwa na Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 mkononi. Kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na hali yake. Omba kwa maandishi, taja Debian na Orca kwa majina, na eleza kwamba havina leseni ya kulipiwa.